Tumbo la Dibsa

Wifi yangu Wasfiya ni mwoga, na hili silisemi kwa kumteta, maana nimeshamwambia usoni mara nyingi. Kaka yangu Chasib alimuoa kutoka Nasiriya, mjini, akamleta kwetu vinamasini upande wa Chibayish. Siku ya harusi, alipopandishwa mtumbwini, alishika kingo zote mbili, akafumba macho, akasoma kila sura aliyoijua. Sisi tunapiga vigelegele, bibi harusi anatapika.

Aliogopa maji. Aliogopa nguruwe mwitu, na kwa hao hakuwa na kosa, hata wanaume wetu wanawaogopa ila hawasemi. Lakini waliomnyima usingizi hasa ni nyati. Sisi tunafuga nyati kama watu wengine wanavyofuga ng'ombe: tunawakama, tunauza malai ya maziwa yao, tunakausha samadi yao tukapikia, na wakati wa baridi tunalala nao ukuta mmoja wa matete. Wasfiya alikuwa akisikia pumzi zao nyuma ya ukuta, analala amekaa.

Mama yetu, Bi Fakhriya, ndiye aliyekuwa bibi wa nyati pale nyumbani, na hakumcheka mkwewe hata siku moja. Mimi ndiye niliyecheka kwa niaba ya ukoo mzima.

Mwaka ule ule wa harusi alizaliwa ndama jike, mweusi kama dibsi, ile asali ya tende, ndipo tukamwita Dibsa. Wasfiya aliambiwa amwangalie kidogo wakati Mama anaswali. Tuliporudi tulimkuta amechemsha maji, ana sabuni ya kufulia, anamsugua ndama mate ya mama yake na mavi yaliyomganda mdomoni. Alisema ule ni uchafu, mtoto ataumwa na tumbo. Mama alimwondolea ile sabuni mkononi taratibu.

"Mwanangu, mwache alambwe," alimwambia. "Na hayo mavi ya mama yake mwache ayaonje. Ndama anazaliwa na mfuko mtupu. Tumbo anapewa na mama yake."

Wasfiya aliyaona hayo kuwa maneno ya watu wa mateteni. Aliingia ndani akanawa mikono mpaka viwiko. Ila aliyaweka moyoni, kama mtu anavyoweka kitambaa asichokipenda kwa kuwa amepewa na mkubwa.

Dibsa alikua akawa ndiye kiongozi wa kundi letu. Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kuingia majini, wengine nyuma yake, na alasiri yeye ndiye anayewageuza kuja nyumbani. Alijua wapi maji bado ni matamu na wapi yamekuwa chumvi, na elimu hiyo siku hizi ina thamani kuliko pembe. Maji yetu yanapungua. Kila kiangazi tope linatoka mahali ambapo zamani tulipitisha mitumbwi, na nyati asiye na kiongozi anakunywa dimbwi la chumvi, anapofuka, anapotea. Majirani wengi wameshahama. Wengine wako Karbala, wengine kwenye matanuri ya matofali. Watoto wa Chasib wenyewe wanakaa Nasiriya kwa mama yake Wasfiya kwa ajili ya shule. Basi Chasib kila jioni alikuwa na wimbo mmoja: Dibsa akishakufa au akizeeka, tunauza waliobaki, tunakwenda mjini. Wasfiya alikuwa akimsikiliza akitikisa kichwa kukubali. Sote tulijua kuwa mwenye hamu ya kuondoka ni Wasfiya.

Mama alipoanza kuugua, jambo la kwanza lililomhangaisha lilikuwa ukamaji. Dibsa alikuwa amezaa karibuni, na Dibsa hakumwachia maziwa mtu yeyote isipokuwa Mama. Mimi nilijaribu, akaipiga ndoo teke. Mama, akiwa amelala, akamwita Wasfiya, akamvisha baibui lake mwenyewe, lile lililokolea moshi wa samadi na harufu ya maziwa, akamfundisha sauti ya kuitia. Wasfiya alikwenda amegeuza uso pembeni, miguu imekaa mkao wa kukimbia, anaita kwa sauti ya Mama huku meno yanagongana. Dibsa alinusa baibui, akashusha maziwa. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake, na kila siku aliifanya akiwa na hofu kama ya siku ya kwanza.

Kisha Mama akafariki.

Matanga yalikuwa makubwa, kwa kuwa Mama alikuwa amezika na kuzalisha nusu ya watu wa vinamasi vile. Walikuja kwa mitumbwi toka mbali, na kila mtumbwi una mkate wa tanuri na sinia la wali. Lilikuwa joto lile linalomfanya mtu asitake hata chai. Matanga yalipokwisha, magunia ya mkate yalijaa ukumbini na wali umejaa masufuria, hakuna wa kula.

Mkate kwetu hautupwi. Ukiuona chini unauokota, unaubusu, unaugusisha kwenye paji la uso, unauweka juu pasipofika mguu wa mtu. Chasib alisema umwagwe majini uliwe na samaki, wanawake wakamtazama kama aliyetukana. Ndipo ikapatikana rai nzuri kupita zote, na ubaya wake ni kwamba kila mwanamke aliipata peke yake: mkate wa marehemu apewe nyati wa marehemu, thawabu zimfikie. Dibsa wakati huo alikuwa hatoki na kundi kwa sababu ya ndama mchanga. Amefungwa pale nyuma ya nyumba, mpole, amefiwa kama sisi. Wasfiya aliloweka mkate na wali akampa, kila tonge anasema, "Limfikie Mavyaa." Akaondoka. Akaja wa nyumba ya pili na beseni lake, akampa, akasoma Fatiha, akafuta machozi. Akaja wa tatu. Mimi peke yangu sikumpa kitu, wala si kwa akili, ni kwa uvivu. Nililala na maumivu ya kichwa.

Asubuhi Wasfiya alivaa baibui akaenda kukama, akarudi na ndoo tupu. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, midomo imekuwa myeupe, akaniambia, "Wifi, njoo. Dibsa ananitazama lakini hanioni."

Nilikwenda. Nimeona nyati wengi wakiumwa, lakini si kama yule. Amelala, shingo imelegea, macho yamezama. Ubavu wa kushoto umevimba. Alichokuwa amekunya kilikuwa maji ya kijivu yenye harufu ya siki. Na mdomo umetulia. Nyati mzima mdomo wake hautulii. Akiisha kula analala anacheua, unasikia ile saga-saga mpaka unaisahau kama unavyosahau moyo wako. Nilipiga magoti nikaweka sikio ubavuni pale panapokuwa na ngurumo siku zote. Kimya. Nilibadilisha sikio nikidhani ni langu lililoziba.

Chasib alikuja, akaweka ngumi pale pale, akangoja kwa muda mrefu. Kisha akainuka akasema atampigia Lafta mchinjaji. Kwetu mnyama wa namna hiyo hasubiriwi. Akifa mwenyewe ni mzoga, hata mbwa utaona haya kumpa. Akapanda kwenye rundo la samadi kavu, kwa kuwa hapo tu ndipo simu inashika, akaongea na Lafta. Lafta akasema yuko mbali, maji ni haba, injini haipiti, atakuja kwa upondo, atafika kesho kabla ya adhuhuri.

Wasfiya alipanda lile rundo baada yake. Mwanamke ambaye kwa kawaida hata ngazi ya mjini anaipanda kwa bismillahi. Akampigia Ibtihal, binti wa majirani zetu wa zamani aliyesomea mifugo Basra, sasa ni daktari pale mjini Chibayish. Alimweleza mkate. Nikamsikia akiulizwa ni mkate kiasi gani, naye akajibu ni beseni moja tu. Hapo mwanamke wa nyumba ya pili, aliyekuja kutazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba naye alimpa beseni moja tu. Na wa tatu naye moja tu, la wali. Tulitazamana, kila mmoja anahesabu moyoni, na hofu ikatuingia sote kwa pamoja.

Wasfiya akaniita juu, akaniwekea simu sikioni nami nisikie, kwa kuwa alidhani akili yake haitashika.

"Dada Wasfiya, nyati hali matete," Ibtihal alikuwa akisema. "Anayavuna tu. Tumboni mwake mna viumbe wadogo, huwaoni kwa jicho, ndio wanaoyavunja matete wakamlisha yeye. Yeye anawapa nyumba na joto, wao wanampa chakula. Sasa mmewamwagia mkate. Wale wachache wanaopenda mkate wamezaana kupita kiasi, tumbo limekuwa siki, na wale wa matete wamekufa. Hata ukimpa tete bora leo, hana wa kumvunjia."

Wasfiya aliuliza kama kuna sindano. Ibtihal alisema sindano haizai walio hai. Alisema tumpe magadi yaliyokorogwa kwenye maji kwanza, uchachu upoe, tusije tukawapanda wageni kwenye moto. Kisha tuwatafute wengine: tumpate nyati mzima anayekula matete haya haya na kunywa maji haya haya, na anapocheua tumtoe mdomoni kile anachocheua, kingali na joto, tumnyweshe Dibsa. Kidogo kinatosha kuanzia, alisema, wakikubali watazaana. Wasipokubali, basi. Bibi yake alikuwa akifanya hivyo bila kujua kwa nini, naye amesoma miaka yote ile aje ajue kwa nini. Yeye mwenyewe angekuja na mpira wa kupitisha hadi tumboni, lakini boti haipiti.

"Tumbo anapewa na mama yake," Wasfiya alisema aliposhuka. Hakuwa anasema na mimi. Kisha akaniuliza, "Wifi, nani alipewa tumbo na Dibsa?"

Tulikuwa na jibu sote, na hakuna aliyelifurahia. Alikuwa Shatla.

Shatla ni binti wa Dibsa, mtamba, hajawahi kukamwa, hajawahi kuguswa ila kwa fimbo. Siku zote za matanga alikuwa ndani ya matete na kundi, hakuonja mkate. Ana pembe zilizopinda nyuma kama za mama yake na roho ambayo sijui ameitoa wapi. Watoto tunawatisha kwa jina lake.

Tulimpa Dibsa magadi kwa chupa. Nilimfungua kinywa, Wasfiya akamimina kidogo kidogo, anaomba Mungu na kulia kwa pamoja. Mara mbili alitaka kukimbia Dibsa alipotikisa kichwa, na mara mbili alirudi. Nilimwambia akalale kidogo, akaniambia akifumba macho anaona mabeseni.

Alasiri kundi lilirudi lenyewe, ovyo ovyo, bila wa kuliongoza. Wawili walikosekana na Chasib akawafuata kwa mtumbwi hadi kwenye dimbwi la chumvi, akawarudisha kwa matusi. Nilipomwona anavyotweta, nilielewa kuwa Dibsa akifa haitakuwa nyati mmoja amekufa. Ingekuwa hivi kila siku mpaka wa mwisho.

Waliporudi wote tuliwasha samadi ya kufukuzia mbu, nao wakalala kuzunguka moshi, wakaanza kucheua. Shatla alilala pembeni. Ukimtazama shingoni unaona bonge linapanda chini kwa chini mpaka mdomoni, taya zinaanza kusaga, kisha linashuka, kisha jingine. Kazi yenyewe ni hii: bonge linapopanda unapenyeza mkono kwenye pembe ya mdomo, pale penye pengo lisilo na meno, unaukamata ulimi ukauvuta kando, unakomba. Ukichelewa, magego yanakusaga vidole kama yanavyosaga matete.

Chasib alikwenda kwanza, kwa kuwa ni mwanamume na tulikuwa tunamtazama. Hakufika hata mdomoni. Shatla alitupa kichwa mara moja tu, kaka yangu akaenda kuangukia ukuta wa matete, bega likateguka. Alikaa pale chini ameshika mkono, uso umekuwa kama jivu, akasema, "Basi. Kesho Lafta."

Wasfiya aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Alitoka amevaa baibui la Mama.

Nilimshika mkono nikamwambia, "Wifi, usijitie wazimu. Huyu si Dibsa. Huyu ataua mtu."

"Najua," aliniambia. "Nishike mpaka pale, halafu uniache. Nikikuomba unirudishe, usinirudishe."

Nilimshika. Mwili wote ulikuwa unatetemeka, baibui zima linatikisika. Baadaye aliniambia mwenyewe, bila haya, kuwa alijikojolea njiani, akamshukuru Mama kwa kuwa na baibui jeusi. Tulipokaribia nilimwachia. Akaanza kuita kwa sauti ya Mama, ile ya chini, ya kuvuta mwishoni. Sauti ilikatika katikati. Akaianza tena.

Shatla aligeuza kichwa. Alivuta pumzi, nikaona pua zake zinapanuka kuelekea lile baibui. Yule aliyemvuta Shatla kutoka tumboni mwa mama yake alikuwa Mama, na huenda alikuwa na baibui hilo hilo. Sikuwa najua kama nyati anakumbuka kitu cha zamani hivyo. Niliomba akumbuke.

Wasfiya alipiga magoti mbele ya zile pembe. Bonge likapanda. Akaingiza mkono.

Sikutazama, nasema kweli. Nilisikia ukelele mdogo, wa kumezwa, na nilipofungua macho mkono ulikuwa umetoka, umejaa kitu cha kijani kinachofuka moshi, na damu inachuruzika kutoka kwenye kidole cha shahada. Kucha ilikuwa imekwenda. Alikitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu nililokuwa nimelikumbatia. Kisha akarudisha mkono ule ule, wenye damu, kungoja bonge jingine.

Alipata machache kabla Shatla hajachoka naye akasimama. Tukayakoroga, tukamnywesha Dibsa yale maji ya kijani kwa ile ile chupa ya magadi. Wasfiya alikuwa akiyasemesha. Alikuwa anawaambia wale wasioonekana wakaribie, nyumba ni yao, mwenye nyumba hana ubaya. Siku nyingine ningemcheka. Siku ile nilijikuta naitikia.

Asubuhi ubavu wa Dibsa ulikuwa kimya. Uvimbe ulikuwa umepungua kidogo, au sisi tulitaka upungue. Wasfiya alimwendea Shatla mara nyingine kabla kundi halijatoka, akarudi na bakuli, tukamnywesha tena. Akakaa chini, akaweka sikio pale ubavuni, akakataa kuondoka. Ndama alikuwa analia kwa njaa upande wa pili, na kila akilia Wasfiya alishtuka.

Jua lilikuwa bado halijawa kali tulipouona upondo wa Lafta juu ya matete. Lafta ni mtu mzuri, ana sauti ya mtoto na mikono ya jitu, na ndiyo maana inatisha zaidi. Alishuka, akampa kaka yangu pole ya Mama, akampa pole ya bega, akamtazama Dibsa kwa mbali. Akasema, "Nyama haingoji, Chasib. Nikichelewa tutagawana dhambi."

Nilimtilia chai. Nilimtilia polepole kuliko nilivyowahi kumtilia mtu.

Chasib alikwenda akaishika kamba ya Dibsa kwa mkono wake mzima. Wasfiya hakuondoka. Alikuwa amekaa tu pale, shavu ubavuni, kidole kimefungwa kitambaa. Kaka yangu si mkali, lakini alikuwa amechoka na anaumwa, na yeye pia alikuwa amefiwa na mama.

"Kwani si wewe uliyetaka tuondoke?" alimuuliza. "Miaka yote hii. Si hii sasa? Watoto wako kule. Kuna maji ya bomba, hakuna nguruwe, hakuna nyati. Unalilia nini?"

Wasfiya hakuinua uso.

"Naogopa," alisema.

"Unaogopa nini?"

"Vyote. Lakini hofu za hapa Mavyaa alinifundisha moja moja, alinishika mkono. Za kule nani atanishika?"

Lafta alitazama ndani ya kikombe chake kidogo, akakinyoosha kwangu, akasema amesafiri sana na koo limekauka, aongezwe. Alikunywa kile. Akaomba kingine. Sote tulijua kuwa mgeni kwa adabu akishakunywa cha tatu anainuka. Alikinywa cha tatu kwa vijifundo, kama kinamchoma, mpaka kikaisha, akafuta mdomo na kuchukua kisu chake. Akaja akachuchumaa kichwani kwa Dibsa, akamgeuza shingo kuelekea kibla.

Wasfiya akasema, "Ngojeni."

Alisema kwa sauti ndogo sana. Alibonyeza sikio ubavuni. Uso wake ulikuwa na hofu ambayo sijaiona tena, hofu ya mtu anayesikia kitu na haamini masikio yake.

"Kimepita kitu," alisema.

Chasib aliachia kamba akaweka ngumi. Tukangoja. Nilisikia ndama, nilisikia nzi. Kisha Dibsa akacheua hewa, mbweu mkubwa mrefu, mchachu, kama uliokuwa umefungiwa tangu matanga, ukamfika Lafta usoni akiwa amechuchumaa vile vile. Alianguka nyuma akakaa topeni na kisu chake. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunaitazama shingo. Na tukaliona bonge, dogo, linapanda chini kwa chini, linasimama, tukadhani limerudi, linapanda tena. Taya la Dibsa likaenda upande mmoja. Likarudi.

Lafta alifuta uso kwa ncha ya kanzu. Akakitia kisu alani, akaniambia kama chai bado ipo, atakunywa na cha nne.

Wasfiya yeye aligeuka pembeni akatapika, kama siku ya harusi.

Haikuwa mara moja. Dibsa alikaa siku kadhaa amedhoofu, tunampa tete changa kidogo kidogo, na Wasfiya anamwendea Shatla kila alasiri mpaka Ibtihal aliposema kwa simu kuwa sasa yatosha, waliopandwa wameshaota. Kucha ilikuja kuota nayo, imepinda. Mwezi uliofuata Dibsa aliingia majini asubuhi, kundi nyuma yake, na Shatla ubavuni kwake. Chasib hakusema neno juu ya mjini. Nilimwona tu anakata matete, bega limefungwa, anaziba ukuta pale alipouangukia, na mtu haungi ukuta wa nyumba anayoihama.

Maji hayajaongezeka. Sitaki kusema uongo.

Siku moja Wasfiya alilifua baibui la Mama, hatimaye, kwa sabuni ile ile ya kufulia. Nilimwambia amefanya kosa, sasa limekuwa baibui tu, Dibsa hatamjua. Lilikuwa bado linachuruzika kwenye kamba kundi liliporudi. Hapakuwa na la kufanya. Alikwenda na nguo yake ya nyumbani na ndoo, akasimama mbali kuliko kawaida, akaita. Hakuita kwa sauti ya Mama. Hofu ilikuwa imemkaba, ikatoka yake mwenyewe, nyembamba, ya mjini, inayotetemeka.

Dibsa aliinua kichwa. Aliwaacha wengine kwenye moshi, akaja moja kwa moja, akamnusa mkono, kile kidole chenye kucha iliyopinda, akasimama tayari. Wasfiya alirudi nyuma hatua moja, kama anavyofanya siku zote. Kisha akachuchumaa akaanza kukama, na kutoka pale niliposimama nilikuwa nasikia ndoo ikigongagonga goti lake kwa kutetemeka, na maziwa yakiingia.